Ua wa Nyumbani: Historia ya Vichaka na Mipaka, Kuanzia Mnazi Mmoja

Ndugu mkulima, leo mazungumzo yetu ni juu ya kitu ambacho pengine unakipita kila asubuhi ukitoka na jembe begani, bila kukitazama. Nacho ni ua wa nyumba yako. Lugha yetu imeweka mambo matatu katika neno hili moja. Ua ni boma la miti linaloizunguka nyumba. Ua ni uwanja uliomo ndani ya boma hilo, pale mama anapotwanga na watoto wanapocheza. Tena ua ni lile linalochanua na kunukia juu ya mmea. Tukisema "ua huu" na "nyua hizi" tunajua tuko kwenye boma, na tukisema "ua hili" na "maua haya" tunajua tuko kwenye harufu. Katika nyumba nyingi za pwani mambo yote matatu hukutana kwenye kichaka kimoja.

Utashangaa kwamba nataka tuanze mjini, tena katikati ya Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, mahali ambapo huwezi kupata hata tuta moja la viazi. Sababu ni kwamba pale panaonekana wazi jinsi mmea na haki ya kukaa mahali vinavyokwenda pamoja. Jina lenyewe ni la mti. Ukivuka uwanja huo kuingia Kariakoo utakutana na Mtaa wa Mkunguni na Mtaa wa Mchikichi. Ukienda mbele zaidi kuna Mwembechai, kuna Mikocheni. Watu waliotutangulia walielekezana kwa miti. (Unguja nako kuna Mnazi Mmoja, nayo ni uwanja wa wazi, nayo iko kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ukimwambia mtu mkutane Mnazi Mmoja, hakikisheni kwanza mko upande mmoja wa bahari.)

Sasa, kwa nini mnazi na si mmea mwingine? Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, pwani yote ilikuwa na desturi ambayo bado inajulikana mpaka leo. Ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mtu mwingine. Mnazi huuzwa, hurithiwa, na huwekwa rehani peke yake. Ule mnazi mrefu wa kwetu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba hivi, kisha huendelea kuzaa miaka sitini na zaidi. Maana yake ni kwamba anayepanda mnazi anasema, mimi nipo hapa, na wajukuu wangu watakuwepo hapa. Ndiyo sababu mwenye ardhi aliweza kumkaribisha mgeni alime muhogo, kunde au mtama, lakini akamkataza kupanda mnazi au mwembe. Muhogo unang'olewa mwakani, na mgeni akiondoka hakuna neno. Mnazi ukishasimama, hata mwenye ardhi mwenyewe akifa, wanawe watakuta mtu ana haki yake pale.

Basi mgeni apande nini nyumbani kwake? Apande kichaka. Kichaka ni cha katikati. Hakina maisha ya mnazi, wala hakiishi msimu mmoja kama kunde. Hukaa miaka kumi, ishirini, na ukikipogoa vizuri hukaa zaidi. Ni nadra mwenye ardhi kumgombeza mtu kwa kupanda mhina pembeni mwa mlango wa uani. Lakini utaona mbele kwamba kichaka nacho kina maneno yake, na siku moja husimama kutoa ushahidi.

Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka 1893 Franz Stuhlmann, aliyesimamia mambo ya kilimo, alianzisha bustani ya mimea ambayo ipo mpaka leo jirani na Makumbusho ya Taifa. Haikuwa ya matembezi tu. Ilikuwa mahali pa kujaribia miti na mazao ya nchi za joto kabla ya kuyapeleka mashambani. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu mwingine, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge iliyotoka Florida, Marekani. Iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro ambayo babu zetu waliyatolea jasho. Sisi hapa tunautaja mkonge kwa sababu nyingine. Ulipotoka kwenye mashamba ya mabwana, watu wa kawaida waliuchukua wakaufanya ua na alama ya mpaka. Mpaka leo utauona umepangwa kwa mstari pembeni mwa mashamba ambayo hayajawahi kuuza hata uzi mmoja wa katani.

Tukirudi mjini, serikali ya Wajerumani iliugawa mji kwa sheria za ujenzi. Wazungu karibu na bahari, maduka na nyumba za Wahindi katikati, Waafrika nje. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikwisha kupanga mji wa Waafrika wenye mitaa iliyonyooka, na wakakusudia uwepo ukanda wa wazi kati yake na Uhindini. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Wapagazi wao wa kijeshi, kile kikosi walichokiita Carrier Corps, wakapiga kambi huko, na kwa vinywa vya watu jina likawa Kariakoo. Katika miaka ya 1920 na kuendelea Waingereza waliutekeleza ule mpango wa ukanda. Nyumba zilizokuwamo ziliondolewa, na mpya hazikuruhusiwa. Ndiyo Mnazi Mmoja tunayoijua.

Hoja waliyoitoa ilikuwa ya afya. Siku zile wataalamu wa kikoloni waliamini kwamba ukiweka nafasi tupu kati ya nyumba za Waafrika na za watu wengine, mbu wenye malaria hawataweza kuruka kuivuka. Pamoja na hoja hiyo, mimea ya nyumbani nayo ilitiwa hatiani. Mahindi, migomba na vichaka karibu na nyumba vilionekana kuwa maskani ya mbu, na sheria ndogo za miji zilizokataza mimea mirefu karibu na nyumba ziliendelea hata baada ya Uhuru.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili linakugusa wewe unayetaka kupanda ua leo. Mbu wa malaria hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, hasa vidimbwi vya wazi vinavyopigwa na jua, kama vile nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali na mitaro iliyoziba. Kichaka kikavu hakizai mbu huyo. Uwanja mtupu wenye madimbwi wakati wa masika waweza kumfaa kuliko ua wa mhina. Kuna yule mbu mwingine mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta homa ya dengue, ugonjwa uliousumbua mji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Huyo hupenda maji machache yaliyonaswa kwenye makopo, matairi, vifuu vya nazi na vyungu vya maua. Kwa hiyo hatari ya ua ni takataka zinazotupwa chini yake. Fagia chini ya ua wako kila juma, inua matawi ya chini upate kuona kilichofichwa, na hapo utakuwa umefanya kazi ambayo ukanda mzima wa Mnazi Mmoja haukuifanya. Faida nyingine ni kwamba nyoka naye hatapata mahali pa kujilaza.

Uwanja ule uliokusudiwa kuwatenga watu ukaja kuwakusanya. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyopo hatua chache kutoka hapo, kwenye mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, na Mnazi Mmoja ikawa mojawapo ya viwanja vya mikutano ya kudai Uhuru. Leo mnara wa Mwenge umesimama papo hapo. Hayo mengi mnayajua. Mimi nataka tuingie ng'ambo ya pili, uani kwa watu wa Kariakoo.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ukatoka uani penye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja kwa serikali. Wapangaji walilipa kodi ya chumba kwa mwenye nyumba. Kila chumba kilikuwa na familia yake, na wote walikutana kwenye ua mmoja. Mpangaji anaweza kuhama mwisho wa mwezi, kwa hiyo mti mkubwa haukuwa wake kuupanda. Lakini palikuwa na nafasi ya mhina kwenye kona, ya asumini kwenye kopo au ukutani, na ya mrehani karibu na maji ya kuoshea vyombo. Mimea hiyo mitatu ndiyo elimu ya bustani ya mama zetu wa pwani, nami naiheshimu kuliko vitabu vingi vya maua vilivyotoka Ulaya, ambavyo hukuagiza mmea upate baridi miezi mitatu ndipo uchanue. Baridi hiyo utaipata wapi Kisarawe?

Tuutazame mhina. Ni kichaka chenye matawi mengi, asili yake nchi kavu za Afrika ya kaskazini na Asia ya magharibi, nao ulifika pwani yetu na majahazi na harusi. Huvumilia jua na ukame ukishashika. Ukiukata, huchipua kwa hasira. Maua yake ni madogo, meupe au ya manjano hafifu, na harufu yake jioni huvuka ua ikaenda kwa jirani. Majani ndiyo mali. Hukaushwa kivulini, si juani, kwa sababu jua kali huyapotezea nguvu ya rangi. Kisha hutwangwa na kuchekechwa. Mwenye mstari wa mhina nyumbani hana haja ya kununua hina ya paketi isiyojulikana imechanganywa na nini. Siku hizi watu hununua ile nyeusi yenye dawa ya kutia nywele rangi, na wapo waliobabuka ngozi. Hina ya majani haiwi nyeusi tangu mwanzo. Hutoka rangi ya machungwa, kisha hukoza kuelekea wekundu na hudhurungi.

Asumini ni ya kubembelezwa. Inataka jua la asubuhi, samadi iliyooza vizuri, na maji ya mara kwa mara wakati wa kiangazi, lakini haitaki miguu yake ikae kwenye tope. Ukiipogoa baada ya kuchanua itatoa machipukizi mapya, na maua hutoka kwenye machipukizi hayo. Anayeiacha ijiendee bila kukatwa hupata majani mengi na vikonyo vichache, kisha husema mmea wake ni dume! Maua huchumwa yangali vikonyo, alasiri, yafunguke usiku. Hutungwa, hutiwa kwenye vikuba pamoja na mrehani na mlangilangi, na palipo na harusi kuna soko. Lakini ua linalochumwa leo haliuziki kesho kutwa. Kama uko mbali na mji, panda asumini kwa ajili ya nyumba yako, usiifanye tegemeo la ada ya shule.

Nyua hizo za Kariakoo kwa sehemu kubwa hazipo tena. Soko kuu lenye paa lile la miavuli ya zege, alilolichora mjenzi wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na kazi ya kulikarabati ikafuata. Nyumba za vyumba sita zilizolizunguka zimebomolewa moja baada ya nyingine, mahali pake pakasimama maghorofa ya maduka. Ghorofa hujaza kiwanja chote, kwa hiyo ua haupo, na ua likitakiwa hununuliwa. Lakini mila ya uani ilihama pamoja na watu kwenda Magomeni, Temeke, Mbagala, hata huko kijijini kwako. Basi tutoke nayo mjini twende penye nafasi, tuzungumze juu ya ua wa boma, maana huo ndio wenye kesi.

Mmea unaoonekana zaidi kwenye mipaka ya wakulima wetu, hasa nchi kavu za kati na kanda ya ziwa, ni mnyaa. Hauna majani ya kuonekana, matawi yake ni kama vidole vya kijani, mbuzi hawautaki na ukame hauuui. Hatari yake ni maziwa yake. Yakiingia jichoni huunguza vibaya, na mtu aweza kukaa siku kadhaa haoni. Ukiukata, vaa nguo ya mikono mirefu, kinga macho, na usijifute uso. Mtoto akiingiwa, mwoshe jicho kwa maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, kisha mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Usimtie dawa ya kienyeji jichoni. Kwa sababu hii mimi nasema waziwazi: mnyaa ni wa mpaka wa shamba na zizi. Karibu na mlango wa nyumba yenye watoto wadogo haufai.

Wa pili ni mbono kaburi. Ulitoka Marekani ya Kati, ukaletwa Afrika na mabaharia wa Kireno, na jina lake latuambia kwamba kwetu ulipandwa makaburini. Ng'ombe na mbuzi hawauli, huota kwa kijiti, na ua wake hufunga haraka. Mbegu zake zina mafuta lakini ni sumu. Watoto huziona kama njugu, na wakila hutapika na kuharisha, tena vibaya. Katika miaka ya 2000 kulikuwa na kelele nyingi duniani kwamba mbono ungekuwa mafuta ya magari. Kampuni zilikuja kutafuta ardhi, ikiwemo Kisarawe hapa jirani na Dar es Salaam. Vijiji vikatoa maelfu ya hekta, na kufika 2011 mradi wa Kisarawe ulikuwa umesimama. Mbono ulibaki, ajira zikaondoka, na ardhi ikawa na maswali. Mmea ule wa makaburini haukuwa na kosa lolote. Kama ua, bado ni mzuri.

Kaskazini kuna masale. Kwa Wachagga mmea huo wa majani marefu ni mpaka wa kihamba, tena ni mmea wa amani: anayekwenda kuomba msamaha huchukua jani lake. Wahaya nao wameutumia mmea wa jamii hiyohiyo kwenye mipaka ya vibanja. Hauzuii hata kuku kupita. Nguvu yake ni kwamba kila mtu anajua maana yake, na mkono unaong'oa sale usiku unajua unachokifanya.

Na sasa onyo juu ya kichaka kimoja kizuri mno kwa macho. Lantana, yenye vishada vya maua ya njano, machungwa na waridi pamoja, ilitoka Marekani ya kitropiki ikasambazwa duniani kama mmea wa bustani na ua. Ndege hula matunda yake na kuzimwaga mbegu malishoni. Huko hufunga msitu wa miiba, hufukuza majani, na sehemu nyingine vichaka vyake vimewapa mbung'o maficho. Ng'ombe akiila hupata manjano, na ngozi yake isiyo na rangi, hasa puani, hupasuka akikaa juani. Kama ipo kwako, ing'oe na mizizi kabla haijazaa. Kuikata tu ni kuialika irudi. Mtu akikuletea mche wa lantana kwa sababu unapendeza, mshukuru, kisha umweleze haya.

Nilisema kichaka kinaweza kusimama kutoa ushahidi. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Mamilioni walihama. Wapo waliohama kwa hiari, na wapo waliohamishwa. Nyumba za udongo walizoziacha zilianguka kwa mvua mbili tatu. Kilichobaki kwenye mahame kilikuwa miembe, minyaa, mikonge, na mbono kandokando ya makaburi. Miaka ya 1980 watu walipoanza kudai maeneo yao ya zamani, mashahidi walikwenda kuonyesha: ule mstari wa minyaa ulikuwa ua wa baba, na mlango ulikuwa pale panapokatika mstari. Wengine walikuta maeneo hayo yamegawiwa watu wengine kihalali na kijiji, nao wamekwisha kupanda ua wao. Ndugu wakagombana na majirani, kila mmoja akiwa na vichaka vyake vya kuonyesha.

Mwaka 1992 ilipitishwa sheria ya kufuta haki za kimila za zamani katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzuia kesi hizo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililomhusu Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa mkoa wa Arusha, ilisema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Vifungu vikuu vya sheria ile vikabatilishwa. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kwa sheria hiyo mwanakijiji aweza kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na kabla ya kuipata mipaka yake huhakikiwa shambani, majirani wakiwepo. Wakigombana, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake.

Ua wako una kazi gani hapo? Una kazi kubwa, lakini ina mwisho wake. Ua uliokubaliwa na majirani pande zote na kutunzwa miaka mingi huwarahisishia wote kazi siku ya uhakiki. Ua uliopandwa usiku, au uliosogezwa hatua moja kila masika, hauwi haki kwa kuwa umeota. Na hati ikishatoka, kinachosomwa ni hati. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, mwite jirani. Nyoosheni kamba pamoja. Mkikubaliana ua uwe wa wote wawili, semeni mbele ya mashahidi nani atapogoa upande gani. Msipokubaliana, panda upande wako, hatua moja ndani ya mpaka, kusudi matawi yakinenepa yasimwingilie. Mjane, au binti aliyerudi kwao, afanye hivyo mapema zaidi kuliko wote. Mara nyingi yeye ndiye ambaye ua wake husogezwa kwanza, nao husogezwa mwaka uleule wa msiba, wakati macho yake yako kwingine.

Sasa kazi yenyewe. Chimba mfereji mwembamba wa kina cha jembe moja, mwisho wa kiangazi, ili mvua za kwanza za vuli au masika zikukute tayari. Kwa mhina, kata vijiti vilivyokomaa vya unene wa penseli na urefu wa shibiri na zaidi, uviotesh­e kwanza kitaluni penye kivuli, kisha uhamishe vikishatoa mizizi, ukiacha kama nusu mita kati ya mmoja na mwingine. Mbono hupandwa moja kwa moja mfereji­ni, kijiti kwa kijiti, shibiri moja moja. Mnyaa ukate, uuache kivulini siku moja au mbili mpaka maziwa yakauke kwenye jeraha, ndipo upande. Ukipanda ungali unatokwa na maziwa huoza, hasa udongo ukiwa na maji mengi. Mazao yako yaanze mita moja au zaidi kutoka kwenye ua, maana mizizi yake hunywa kabla ya mahindi yako.

Wengi huharibu ua mwaka wa kwanza kwa huruma. Wanauacha urefuke, wakifurahi. Ukirefuka bila kukatwa huwa na kichwa kinene na miguu mitupu, na kuku wote wa kijiji wanapita chini. Ukifika magoti, kata vichwa. Ukifika kiuno, kata tena. Pogoa juu pawe pembamba kuliko chini, ili jua lifike kwenye matawi ya chini nayo yajae. Matawi ya mhina uliyokata chambua majani yake, ndiyo mavuno yako ya kwanza. Matawi ya mnyaa usiyaache njiani wala usiyatie jikoni, moshi wake huwasha macho. Yarundike mbali na watoto, juu ya mawe makavu, mpaka yanyauke kabisa, kwa sababu yakiguswa na udongo wenye unyevu yataota hapohapo, na utakuwa umepanda mpaka mahali ambapo hukukusudia.